Nilivyomtenga Dada Yangu

Niliambiwa niandike, nikaandika. Ningeweza kusema mkono unaniuma, au kusema huyu ni dada yangu, tafuteni mwandishi mwingine. Sikusema lolote. Niliweka daftari juu ya goti, nikaandika tarehe na idadi ya waliohudhuria, kisha nikaandika kwamba kuanzia siku hiyo mwanamke huyo, na yeyote anayelala ndani ya boma lake, ametengwa na kijiji mpaka atakapotoa mtamba mmoja na kuomba radhi mbele ya mkutano. Jina nililoandika lilikuwa la dada yangu wa tumbo moja. Ndani ya boma lake alilala pia mama yetu.

Nilikuwa katibu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulisomeka. Sitaki mtu adhani tulikuwa wahuni. Kabla ya sungusungu, watu wa kwetu Bariadi walikuwa wakiamka na kukuta zizi tupu, na polisi wakifika siku ya nne kuuliza rangi za ng'ombe. Sungusungu ilikomesha hayo. Kwa hiyo tulipozoea kutoa amri juu ya wezi, hakuna aliyeshtuka tulipoanza kutoa amri juu ya mambo mengine.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Madukani sabuni ilikuwa imerudi, minadani mitumba ilimwagwa chini kwa marobota, na wafanyabiashara binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, ambayo kabla ya hapo tuliipeleka kwenye chama cha ushirika tu. Mmoja wao alikuja kijijini kwetu na gari jekundu. Alituahidi mabati ya kuezeka ofisi ya sungusungu kama pamba yote ya kijiji itapita kwenye mzani wake. Mimi alinipa kazi ya kusoma mzani huo na kutenga pamba safi na pamba fifi. Hilo nalitaja mapema kwa sababu mahakamani sikulitaja.

Sharti hilo la pamba lilipelekwa kwenye dagashida, mkutano wetu wa kijiji kizima, likapitishwa. Wiki tatu baadaye dada yangu alipakia pamba yake kwenye mkokoteni, akaenda kumuuzia mnunuzi mwingine kwenye gulio la barabara kuu, aliyelipa papo hapo.

Alikuwa amenizidi miaka miwili. Mumewe alipofariki, shemeji zake walitaka arithiwe, akakataa, akarudi kwenye boma la wazazi wetu na binti zake wawili. Alilima kuliko wanaume wengi. Aliitwa mbele ya dagashida, naye akaja na mikono ina udongo.

Ntemi wetu, ndivyo alivyoitwa mkuu wa sungusungu, alimuuliza kwa upole, akimwita mayu, yaani mama, kama tunavyomwita mwanamke kwa heshima. "Mayu, siku tulipopatana ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa nawaoshea masufuria."

Watu wakacheka. Ntemi naye alicheka kidogo, akangoja watulie.

"Basi ulisikia."

"Nilisikia. Redioni pia nilisikia kwamba ni ruksa. Sasa nifuate redio ya serikali au gari jekundu?"

"Faini ni mtamba mmoja."

"Simtoi. Ile pamba niliilima kwa mgongo huu. Kama nina kosa, nipelekeni mahakamani."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Oneni, mjane ana wakili." Dada yangu akamgeukia. "Wakili sina, babu. Nina miguu, na Bariadi napajua."

Neno mahakamani ndilo lililomponza. Pamba tungeisamehe. Lakini kwetu, kumpeleka jirani serikalini kulihesabiwa kama kumwaga chakula ambacho wenzako wanakula. Ntemi hakupandisha sauti. Alinitazama na kusema, "Katibu, andika."

Aliyetengwa hasalimiwi. Hapewi moto, hachoti maji kwenye kisima cha pampu, mashine ya kusaga haipokei nafaka yake. Akifiwa, hazikiwi. Atakayevunja hayo naye anatengwa. Amri ilisomwa kwa sauti mbele ya watu, nami ndiye niliyeisoma. Barua hatukumpa. Amri hiyo haikuandikwa mahali pengine popote isipokuwa ndani ya daftari langu.

Jioni ileile, kabla watu hawajaanza kuifuata amri, nilivuka kijito kwenda kwa mama. Alikuwa anachambua mlenda.

"Mayu, hamia kwangu," nilimwambia. "Mpaka haya yaishe."

"Kwako kuna nini?"

"Kuna maji. Kuna unga."

"Na huku nitamwacha nani?"

Dada alikuwa jikoni, alisikia yote, hakutoka. Mama akaendelea kuchambua majani yake. "Nenda, mwanangu. Usije ukaonekana hapa ukatozwa ng'ombe."

Tangu siku ile nilipita njia ya juu nilipokwenda shambani, ili nisilazimike kupita mbele ya boma lao. Niliwaona kwa mbali. Walichimba maji kwenye mchanga wa kijito kama tulivyofanya zamani, kabla kisima hakijaletwa. Walisaga mtama kwa jiwe. Mke wangu aliniomba mara mbili apeleke unga kwa siri, nikamkataza mara mbili.

Dada alikwenda Bariadi kwa miguu, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Hakuomba alipwe kitu. Aliomba mahakama itamke kwamba kijiji hakina uwezo wa kumtenga, ili mama yake achote maji kisimani. Hati za wito zililetwa na tarishi kwa baiskeli, moja ya ntemi na moja ya kwangu. Yangu ilisema nije na daftari la kumbukumbu za mikutano.

Ntemi alisoma hati yangu, akairudisha.

"Msomi, daftari lako si limechakaa?"

"Bado zima, baba."

"Limechakaa. Nunua jipya unakili vizuri."

"Ninakili yote?"

"Nakili yanayofaa."

Hakunitisha. Angenitisha labda ningekumbuka mimi ni nani. Alisema jambo hilo kama mtu anayekukumbusha kufunga zizi, nami nikaona ni jambo dogo. Nilinakili kwa siku mbili, kumbukumbu za miaka mitatu, nikaruka ukurasa mmoja. Nilipomaliza nilipaka jalada majivu na samli, nikalikunja pembe ili lionekane la zamani. Lile halisi nililitia chini kabisa ya sanduku la nguo.

Chumba cha mahakama kilikuwa na madawati kama ya shule na bati lililotoboka. Hakimu alikuwa kijana, mgeni wa mkoa. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza, wanaokaa na hakimu kusikiliza na kutoa maoni yao: bibi mmoja aliyesinzia, na mzee mwembamba wa kijiji jirani ambaye hakusinzia kabisa.

Ntemi alijitetea kwa ufundi. "Mheshimiwa Hakimu, sisi hatujamtenga mtu. Watu wameacha kumsalimia kwa hiari yao. Je, mahakama itamlazimisha mtu kutoa salamu?"

Watu wa kijijini kwetu waliojaa nyuma wakacheka. Hakimu aliwaacha wacheke.

"Salamu siwezi kuiamuru," alisema. "Lakini kisima ni cha umma. Siku hizi Katiba imeweka haki za binadamu, na mojawapo ni kwamba mtu haadhibiwi na majirani waliokasirika. Kazi ya chumba hiki ni kulinda hilo, ingawa chumba chenyewe kinavuja. Ninachotaka kujua ni kimoja tu. Amri ilitolewa au haikutolewa?"

Hapo kila mtu alielewa kwamba shauri limebaki mikononi mwangu. Mashahidi wengine dada hakuwa nao, kwa sababu yeyote ambaye angesimama upande wake angerudi kijijini naye akiwa ametengwa. Nilishika Biblia, nikaapa. Nikasema amri kama hiyo haikuwahi kuandikwa. Nikakabidhi daftari.

Mzee mwembamba wa baraza alilifungua, akageuza kurasa moja moja, akalisogeza puani.

"Katibu, hizi ni kumbukumbu za miaka mitatu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wino wote ni wa kalamu moja."

"Kalamu zangu nazitunza, mzee."

Watu wakacheka tena. Nilifurahi walivyocheka. Naliandika hilo kwa aibu, lakini ni kweli, nilifurahi.

Hakimu akamwambia dada kwamba ana haki ya kumuuliza shahidi maswali. Dada alisimama. Alikuwa amevaa kitenge cha mama.

"Shahidi, wewe ni nani yangu?"

"Ni ndugu yako."

"Ndugu gani? Tuko wengi hapa."

"Mdogo wako."

"Mara ya mwisho ulinisalimia lini?"

Nilitazama meza. "Sikumbuki."

"Kwa nini hunisalimii?"

"Nimekuwa na shughuli nyingi."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Dada alinitazama kwa muda, si kwa hasira. Alinitazama kama anayetafuta kitu ambacho alikuwa na hakika alikiweka hapo.

"Ilumbu," aliniita, neno ambalo kwetu kaka na dada huitana. "Mama anakunywa maji ya mchangani. Iliandikwa au haikuandikwa?"

"Haikuandikwa."

"Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Mzee mwembamba alitoa maoni kwamba dada anasema kweli. Bibi alisema hakuona ushahidi. Hakimu alizungusha kalamu. Alisema mashaka anayo mengi, lakini hawezi kuandika hukumu kwa mashaka. Shauri likatupwa. Alimwonya ntemi kwamba kama amri ipo, ni batili. Kisha akamwambia dada, huku akinitazama mimi, kwamba ana siku thelathini za kukata rufaa, na kwamba ushahidi wa maandishi ukipatikana alete haraka.

Siku thelathini zile nilizihesabu. Daftari lilikuwa sandukuni, hatua tano kutoka kitandani. Kila asubuhi nilifikiri nitalipeleka, na kila asubuhi nilikuwa na sababu. Mzani ulikuwa unafungwa kwa msimu. Mvua zilikuwa zinakaribia. Ng'ombe mmoja alikuwa anaumwa kwato. Siku ya thelathini na moja nilihisi nafuu, kwa kuwa sasa niliweza kujiambia kwamba muda umepita.

Mvua zikaja kubwa. Kijito kilijaa maji ya matope yaliyobeba samadi ya mazizi yote ya juu. Mashimo ya mchangani yakazama, na dada akawa anateka maji hayo hayo ya kijito. Kisima cha pampu kilikuwa karibu na boma lao kuliko boma la mtu mwingine yeyote.

Siku moja ya Januari, asubuhi jua likiwa limeshapanda, tulikuwa shambani tukipalilia, mimi na mke wangu, na majirani kwenye mashamba ya kulia na kushoto. Tukasikia mwano. Mwano ni ukelele wa kuomba msaada, na kwa Msukuma si jambo la kufikiri. Unaposikia, unaacha ulichoshika na kukimbilia unakotoka. Hata sungusungu yenyewe ilisimama juu ya mwano.

Sauti ilikuwa ya dada.

Watu wote waliinua vichwa, kisha wote wakanitazama mimi. Mimi ndiye niliyeandika amri, na aliyekuwa akiita alikuwa dada yangu. Najua sasa kwamba walikuwa wanangoja. Ningetupa jembe na kukimbia, nusu yao wangenifuata, na amri ingefia palepale shambani bila hakimu wala daftari.

"Ni kwa mayu," mke wangu alisema.

"Nasikia."

"Basi twende."

"Tukienda, kesho tuliotengwa ni sisi."

"Kule yuko mama yako, baba."

"Palilia."

Mwano ulipigwa mara ya pili. Niliinama, nikaendelea kupalilia. Majirani wakainama. Mara ya tatu ulikuwa mfupi, kama mtu aliyeishiwa pumzi. Baada ya hapo nilisikia majembe tu.

Mama alikuwa ameharisha siku mbili. Dada alihitaji wanaume wanne wa kumbeba kwa kitanda kuvuka kijito hadi zahanati ng'ambo. Alipoona hakuna anayekuja, alimfunga mgongoni kwa khanga na kumbeba mwenyewe mpaka ukingoni. Maji yalikuwa ya kifuani na yalikuwa yanakwenda kwa kasi. Aliketi pale na mama mapajani akingoja yapungue. Mama alifia pale ukingoni, mchana kweupe, kabla maji hayajapungua. Haya niliyasikia kwa mke wangu, ambaye aliambiwa na binti mkubwa wa dada.

Binti huyo alitumwa kijiji jirani, kwa yule mzee mwembamba wa baraza, kwa kuwa dada hakumjua mtu mwingine wa kumtuma kwake. Mzee alikuja siku iliyofuata na wanawe wawili na majembe matatu. Walichimba kaburi nyuma ya nyumba. Mimi nilisimama nyuma ya minyaa ya ua wangu na niliona migongo yao ikiinama na kuinuka. Niliona dada akiingia ndani ya kaburi kumpokea mama, kazi ambayo kwetu ni ya mtoto wa kiume. Umbali ulikuwa mdogo. Niliweza kuona udongo uliokauka juu ya mikono yake.

Wakiwa wanarudi kwao, mzee alipita kwenye lango langu na kusimama kunisalimia.

"Mwangaluka, katibu."

"Mwangaluka, baba."

"Kule tumemaliza."

Aliweka jembe begani, akaondoka na wanawe.

Msimu uliofuata gari jekundu halikuja. Mabati hatukuyaona. Amri ya kumtenga dada haikufutwa na mkutano wowote. Ilififia tu, watu wakaanza kumsalimia mmoja mmoja kama vile hakukuwa na kitu. Yeye hakuitikia. Aliuza ng'ombe wake watatu, akachukua binti zake, akahamia ziwani, upande wa Kalemela, akaanza kuuza dagaa.

Nilijiuzulu ukatibu, na hakuna aliyenishangaa. Mwaka wa nne nililitoa daftari halisi sandukuni, nikalipeleka mahakamani Bariadi. Hakimu alikuwa amehamishwa. Karani mpya alisoma ule ukurasa akiwa amesimama.

"Sasa mzee, unataka kumshitaki nani?"

"Mimi mwenyewe. Nilisema uongo mbele ya hakimu."

Alinitazama, akatazama foleni nyuma yangu. "Ulalamikiwe na nani? Mdai yuko wapi?"

"Amehama."

"Basi arudi yeye alete maombi. Jalada hili limefungwa zamani, baba. Nenda nyumbani upumzike."

Nilikwenda Kalemela. Ilinichukua miaka mingine mingi kupata moyo wa safari hiyo, na nilipofika nywele zetu zote zilikuwa nyeupe. Dada alinitambua nikiwa bado barabarani. Alinipa kigoda, akanipa maji ya kunywa, akaniwekea ugali na dagaa, akakaa mbali kidogo akipepeta dagaa wengine. Nilizungumza kwa muda mrefu. Nilimweleza habari za daftari, za majivu na samli, za karani. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Siku ile nilipopiga mwano, uliusikia?"

Ningeweza kusema hapana. Upepo ungeweza kubebeshwa lawama, na mvua, na umbali. Lakini nilikuwa nimekwenda kule kusema kweli.

"Niliusikia. Mara zote tatu."

Aliweka ungo chini. "Ya daftari niliyajua tangu siku ileile," alisema. "Nilidhani uliogopa watu, basi. Lakini la mwano nilijiambia hukusikia. Miaka yote nimewaambia wanangu kwamba mjomba wao alikuwa shamba la mbali, hakusikia." Akanisogezea sahani. "Maliza kula. Basi la mwisho linapita saa kumi."

Nilimaliza kula kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Hakunisindikiza. Tangu siku hiyo nimetuma watu mara nne, na wote wamerudi na jibu moja kwamba yeye hana ndugu Bariadi. Mwaka jana binti yake mkubwa alinipigia simu kunijulisha kwa adabu kwamba mama yake anaumwa, na kwamba ameagiza, siku yake ikifika, nisije.

Nilitaka kubaki na kiti changu kwenye mkutano na kazi yangu kwenye mzani, na vyote viwili sikuvipata zaidi ya msimu mmoja. Kwa ajili ya hivyo mama yangu alikufa kwa kukosa wanaume wanne wa kumbeba, nami nilikuwa mmoja wao. Sikumzika. Dada yangu yuko hai, naye sitamzika.